KIJIKO CHA MFUTO NA KIJIKO CHA TELE: TAHAKIKI YA ISTILAHI ZA VIPIMO KATIKA MAANDISHI YA MAPISHI

Miongoni mwa miswada inayoletwa mezani petu ili isomwe lugha na istilahi zake, ipo ambayo msomaji huipokea kwa tabasamu hata kabla ya kuifungua. Mswada wa mapishi ni mmojawapo. Mtu aliyezoea kuhangaika na istilahi za sheria, za mitambo au za uchumi hudhani kwamba safari hii amepewa kazi ya kupumzikia. Sisi nasi tulidhani hivyo. Mswada wenyewe ulikuwa tafsiri ya kitabu cha Kiingereza, nao ulikusudiwa kusomwa na walimu na wanafunzi wa sayansi kimu, pamoja na watu wapikao nyumbani. Kiswahili chake kilikuwa cha kupendeza: sentensi fupi, vitenzi vilivyochaguliwa vyema, na majina ya viungo yaliyoandikwa kama yanavyotamkwa sokoni. Lakini tulipozifikia kurasa za keki na mikate kalamu yetu ilianza kufanya kazi. Na tulipofika mwisho tulikuwa tumehesabu majina matano ya kijiko kimoja, na jina moja lililopewa vijiko viwili.

Hatutautaja mswada huo wala mfasiri wake, kwa kuwa kosa si lake peke yake. Makosa ya namna hiyo yamo katika vitabu vingi vya mapishi, katika vipeperushi vya afya na katika daftari za wanafunzi. Tena sehemu ya lawama inatuangukia sisi tushughulikao na istilahi. Aghalabu orodha zetu humpa mfasiri kisawe bila fasili: zikisema kwamba neno fulani la kigeni ni "kikombe", hunyamaza. Mfasiri hupata neno, lakini hapati kipimo.

Dai letu katika makala haya ni moja. Jina la kipimo halijawa istilahi mpaka lifungamane na kiasi kinachojulikana. Nacho Kiswahili hakikosi maneno ya kuifanya kazi hiyo. Sisi tunaoandika ndio tulioyaacha sokoni tukaenda kuazima mengine.

1. Majina Matano ya Kijiko Kimoja

Katika mswada tunaousema kijiko kikubwa kimeitwa "kijiko kikubwa", "kijiko cha mezani", "kijiko cha supu", "kijiko cha kulia" na "kijiko cha chakula". Kijiko kidogo kimeitwa "kijiko cha chai". Kisha mara kwa mara limetumika neno "kijiko" tupu, ambalo katika ukurasa mmoja ni kidogo na katika ukurasa mwingine ni kikubwa. Katika hadithi au shairi wingi huo wa majina ungekuwa pambo. Katika maelekezo ni hasara, kwa sababu msomaji makini huamini kwamba majina tofauti ni ya vitu tofauti, akaenda kutafuta kijiko cha tatu ambacho hakipo.

Vipimo vyenyewe havina utata mkubwa. Katika vitabu vingi vya leo kijiko kidogo cha kupimia ni mililita 5, na kikubwa ni mililita 15, yaani vijiko vidogo vitatu. Australia ndiyo yenye desturi yake: kijiko kikubwa cha huko ni mililita 20. Kwa hiyo mfasiri akiandika "kijiko" tupu, anamwachia msomaji achague kati ya kiasi kimoja na kiasi mara tatu yake. Kwa sukari ya chai kosa hilo halimwumizi mtu. Kwa chumvi, hamira au magadi, chakula chote kimeharibika.

Twapendelea "kijiko cha chai" na "kijiko cha chakula". Jina "kijiko cha mezani" halitufai, kwa sababu vijiko vyote hukaa mezani. Na "kijiko kikubwa" ni sifa tu, haliwi jina, maana ukubwa ni wa kulinganisha. Hata hivyo majina tunayoyapendekeza yana kasoro zake, na si vyema kuzificha.

Kasoro ya kwanza ni ya kisarufi. Kiunganishi cha "-a" katika Kiswahili hubeba mizigo mingi. "Vijiko viwili vya chai" ni vijiko viwili vya ukubwa fulani, au ni vijiko viwili vilivyojaa majani ya chai? Katika mapishi ya chai ya viungo tumekutana na maneno hayo hayo, wala hapakuwa na njia ya kujua. Na tukisema "vijiko viwili vya chai vya sukari", "vya" mbili zinafuatana na kumchosha msomaji. Dawa yake ni nyepesi: kitu kitangulie, kipimo kifuate. Iandikwe "Sukari: vijiko 2 vya chai" na "Majani ya chai: vijiko 2 vya chai". Hapo hata chai yenyewe haipotezi maana.

Kasoro ya pili ni ya vifupisho. Wapo wanaopenda kufupisha kwa herufi za mwanzo. Lakini "k.ch." yaweza kuwa kijiko cha chai, kijiko cha chakula, na hata kikombe cha chai. Kifupisho kinachosimamia vipimo vitatu hakifai kitu. Majina haya yaandikwe kwa ukamilifu wake. Wino unaookolewa hauna thamani ya unga unaopotea.

2. Kikombe Gani?

Neno "kikombe" ni gumu zaidi kuliko kijiko, kwa sababu halionekani kuwa gumu. Kila nyumba ina vikombe, kwa hiyo hakuna aulizaye ni kikombe gani. Ilhali nyumba moja tu yaweza kuwa na kikombe kidogo cha kahawa, kikombe cha chai chenye kisahani, kikombe kirefu cha bati, na bilauri ambayo nayo mpishi huiita kikombe akiwa na haraka.

Hata huko vilikotoka vitabu tunavyovifasiri kikombe si kimoja. Kikombe cha Marekani ni takribani mililita 237. Kikombe cha Kiingereza cha zamani, ambacho ni nusu ya painti ya huko, ni takribani mililita 284. Kikombe cha mfumo wa metriki ni mililita 250. Kitabu kikiagiza vikombe vinne vya maziwa, tofauti kati ya Mmarekani na Mwingereza wa zamani ni karibu mililita 190, nayo si ndogo katika donge la mkate. Mfasiri anayeandika "vikombe vinne" bila ya kuuliza kitabu kilichapishwa wapi amefasiri neno akaacha kipimo nchi ya mbali.

Hapa yafaa tutenge mambo mawili ambayo katika maandishi yetu huchanganywa: uwiano na kipimo thabiti. Mtu akisema kwamba wali wake hupikwa kwa kikombe kimoja cha mchele na viwili vya maji, hajakosea, wala hatuna haki ya kumtaka ataje mililita. Kikombe chake ni chochote, maadamu ni kile kile kwa mchele na kwa maji. Huo ni uwiano, na uwiano hauna haja ya chombo maalumu. Lakini pindi kinapoingia kitu kisichopimwa kwa kikombe hicho, kama mayai mawili, pakiti ya hamira, au kijiko cha chumvi, uwiano huvunjika. Mwenye kikombe kikubwa ataweka unga mwingi kwa mayai yale yale, na mwenye kikombe kidogo ataweka unga haba. Wote wawili watalilaumu jiko.

Twapendekeza basi kwamba panapokusudiwa uwiano litumike neno "sehemu": mchele sehemu 1, maji sehemu 2. Na panapokusudiwa kipimo thabiti iandikwe "kikombe", na mwanzoni mwa kitabu ielezwe kwamba kikombe cha kitabu hicho ni mililita 250. Msomaji asiye na kikombe cha kupimia hatapotea. Chupa ya maji ya nusu lita, ambayo siku hizi hupatikana kila duka, imechapishwa ujazo wake: maji yake yakigawanywa sawasawa katika vyombo viwili, kila chombo kina kikombe kimoja. Atie alama katika chombo chake, na jiko lake limekwisha kupata kipimo.

3. Uzito na Ujazo

Kosa la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote, nalo lilijificha ndani ya jedwali. Mwishoni mwa mswada paliwekwa jedwali la kugeuza vipimo, ambamo kijiko cha chai kilifanywa gramu 5 na kikombe gramu 250, kwa kila kitu. Mfasiri aliona kwamba mililita 5 za maji zina uzito wa gramu 5, akadhani kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwa vyote.

Sivyo. Kijiko cha chai ni ujazo; gramu ni uzito. Kijiko hicho hicho kikijazwa chumvi laini hadi ukingoni kina takribani gramu 6. Kikijazwa sukari, gramu 4. Kikijazwa hamira kavu, gramu 3. Kikombe cha mililita 250 kina gramu 250 za maji, takribani gramu 210 za sukari, na unga wa ngano gramu 120 hadi 150 kwa kutegemea namna ulivyotiwa. Mwalimu akilifuata jedwali lile na kupima gramu 250 za unga kila panapotajwa kikombe, anaweka karibu mara mbili ya unga unaotakiwa.

Chanzo kimojawapo cha mkanganyiko huu ni neno "aunsi". Waingereza wana aunsi ya uzito, ambayo ni kama gramu 28, na aunsi ya vimiminiko, ambayo ni kama mililita 28. Kwa maji mbili hizo hulingana, na kwa hiyo wengi wamezihesabu kuwa moja. Lakini kitabu cha zamani kikiagiza aunsi 8 za unga kinataka gramu 227. Mpishi akichukua chombo cha aunsi 8 za maji akakijaza unga, hupata gramu 110 hadi 135 tu, yaani karibu nusu. Keki ikibaki majimaji, si keki iliyokosea.

Wazee wetu walikuwa na neno la uzito huo, "wakia", na wakia 16 zilifanya ratili moja. Ratili 35 au 36 zilifanya frasila. Hatusemi kwamba majina hayo yarudi jikoni, kwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi za Afrika ya Mashariki zilishika njia ya metriki, na mtoto wa leo hajui ratili. Tunasema tu kwamba mfasiri wa kitabu cha kale anaweza kuandika "wakia" kwa aunsi ya uzito, akaacha "aunsi" kwa vimiminiko, kisha akaweka gramu au mililita pembeni. Na katika kila jedwali safu mbili zipewe vichwa viwili, "Uzito" na "Ujazo", wala zisichanganywe.

4. Mfuto na Tele

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Unga, tulisema, una gramu 120 au 150 katika kikombe kimoja. Tofauti hiyo haitokani na kikombe bali na mkono. Unga uliochekechwa ukamiminwa polepole hukaa kwa wepesi. Unga uliochotwa kwa kikombe chenyewe kutoka ndani ya mfuko hujishindilia. Katika vikombe vinne tofauti hufikia gramu 120, ambazo ni kikombe kizima cha unga mwepesi. Na bado hatujasema lolote juu ya kilima kinachobaki juu ya ukingo.

Kitabu kinachotajwa sana katika historia ya vipimo vya jikoni ni kile cha Fannie Farmer kilichotoka Boston mwaka 1896, ambacho kilisisitiza kwamba kikombe na kijiko vijazwe kisha visawazishwe kwa kisu. Desturi hiyo ilienea katika vitabu vya Kiingereza, na kwa hiyo kila mfasiri wa mapishi hukutana na maneno mawili: moja la kijiko kilichosawazishwa, na moja la kijiko chenye kilima. Mfasiri wetu amehangaika nayo sana. La kwanza ameliita "kijiko kilichosawazishwa juu yake", "kijiko bapa" na "kijiko kisichozidi". La pili ameliita "kijiko kilichojaa", "kijiko cha mlima" na "kijiko kilichojaa sana sana". "Kilichojaa" haisaidii, kwani kilichosawazishwa nacho kimejaa. Na "kijiko bapa" ni kijiko kisicho na kina, ambacho hakiwezi kupima kitu.

Yote hayo ya nini, hali maneno tunayo? Wauza nafaka wa pwani walipima kwa kibaba: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Na kibaba kilikuwa cha namna mbili. "Kibaba cha tele" ni kile kilichoachiwa kilima chake juu. "Kibaba cha mfuto" ni kile kilichofutwa kwa kiganja au kwa kijiti, nafaka ikalingana na ukingo. Neno "mfuto" limetokana na "futa", na linaeleza tendo lenyewe: hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba asawazishe, jina limekwisha kumwambia. Haya yalikuwa maneno ya biashara, ambayo mnunuzi na mwuzaji waliyajua kabla ya kufungua magunia, kwa kuwa bei ya mfuto si bei ya tele.

Wala haukuwa usahihi wa biashara tu. Wanazuoni wa pwani huifasiri saa ya Kiarabu kwa "pishi" na mudi kwa "kibaba": mudi nne ni saa moja, kama vibaba vinne vilivyo pishi moja. Kwa pishi hiyo hutolewa zaka ya fitri. Jamii inayotekeleza faradhi kwa kipimo haiwezi kuambiwa kwamba lugha yake haijui kupima.

Tena tofauti hii ingali hai, ijapokuwa majina yamebadilika. Mkulima wa Tanzania anayelalamikia lumbesa analalamikia gunia la tele linalonunuliwa kwa bei ya gunia la mfuto. Anayenunua mahindi kwa sado, na nduguye wa Kenya anayenunua kwa gorogoro, wote wawili hulitazama jicho la mwuzaji na kilima anachokiacha. Wanachokikosa ni jina.

Twapendekeza kwa nguvu "kijiko cha mfuto" na "kijiko cha tele", "kikombe cha mfuto" na "kikombe cha tele". Na katika utangulizi wa kila kitabu cha mapishi iandikwe kwamba vipimo vyote ni vya mfuto isipokuwa panaposemwa vinginevyo.

Hatupendekezi kibaba na pishi virudi jikoni. Vyombo hivyo havikuwa na ukubwa mmoja kila mji, na kuvirejesha ni kuongeza mashaka tunayotaka kuyapunguza. Viachwe katika historia, katika fiqhi, na katika methali ya haba na haba. Tunalolichukua kwa wazee ni sifa, si chombo.

5. "Kiasi" na Mkono wa Mpishi

Lipo neno jingine linalohitaji kutazamwa, nalo ni "kiasi". "Chumvi kiasi", "mafuta kiasi", "maji kiasi": kurasa zetu za mapishi zimejaa maneno hayo. "Kiasi" kina maana mbili. Ni kadiri ya kitu, kama katika "kiasi cha fedha". Na ni wastani, yaani pasipo kuzidisha, kama katika "kula kwa kiasi". Mfasiri anaposhindwa kupata kipimo hukimbilia "kiasi", na msomaji huelewa kwamba asiweke nyingi. Nyingi ni ngapi? Hapo hakuna jibu.

Watatokea wa kutupinga. Watasema kwamba bibi zetu hawakupima, na pilau zao hazikuharibika. Ni kweli, nasi tumezila. Lakini tuseme sawasawa: bibi hakupika bila ya kipimo. Alikuwa na sufuria ile ile kwa miaka ishirini, kikombe kile kile chenye ufa, na mkono ule ule. Maji ya wali aliyapima kwa kidole, yazidi mchele kwa pingili moja. Chumvi aliipima kwa ncha za vidole, mchele kwa ukufi, na lugha ikampa majina: "ukufi" ni kile kinachokaa katika kiganja kilichofunguliwa, na "konzi" ni kile kinachokamatwa katika kiganja kilichofumbwa. Hivyo ni vipimo, na ndiyo maana chakula chake cha Ijumaa hii kilifanana na cha Ijumaa iliyopita. Ila mizani yake ilikuwa mwilini mwake, na haiwezi kutiwa katika bahasha na kupelekwa kwa mjukuu aliye Mwanza au Muscat. Anayetaka kuandika mapishi ya bibi hana budi kusimama kando yake na kikombe cha mfuto, aupokee ukufi kabla haujaingia chunguni, na kuupima.

Vivyo hivyo kwa nazi. Kuandika "tui la nazi mbili" ni kumwachia mnazi uamuzi. Nazi hutofautiana, na mikono ya kukamua hutofautiana. Kinachoingia katika chakula si nazi bali ni tui. Basi ipimwe tui. Na lugha inatupa hata daraja zake: tui la kwanza, lililo zito, lina jina lake la "kasimile". "Kasimile: kikombe 1, tui jepesi: vikombe 2" ni maelekezo yanayotimilika katika jiko lolote.

Hatusemi kwamba "kiasi" kifutwe. Kinafaa pale ambapo ulimi ndio mwamuzi wa haki, kama pilipili juu ya mchuzi uliokwisha kuiva, ambao mpishi aweza kuuonja na kuongeza. Hakifai pale ambapo hakuna kuonja wala kurudi nyuma, kama hamira katika donge. Mwandishi ajiulize swali hilo moja: je, mpishi aweza kurekebisha baadaye? Akiweza, "kiasi" kinatosha. Asipoweza, kipimo kiandikwe.

Jambo moja la mpangilio nalo lisisahaulike. "Vikombe 2 vya unga uliochekechwa" si sawa na "unga vikombe 2, kisha uchekechwe". Katika la kwanza unga umechekechwa kabla ya kupimwa, na katika la pili baadaye. Nasi tumekwisha kuona kwamba tofauti yake hupimika kwa mizani. Mfasiri aliyeyatupa mabadiliko haya madogo ya kitenzi kwa kudhani kwamba ni mtindo tu, ametupa sehemu ya maana.

6. Kijiko Kisicho cha Keki

Pengine msomaji bado anaona kwamba tumelifanyia ukali jambo la keki na maandazi. Basi tumalizie kwa kijiko hicho hicho katika kazi nyingine.

Mtoto anapoharisha, na pakiti ya chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini haipatikani, mzazi hufundishwa kutengeneza maji ya sukari na chumvi nyumbani. Mwongozo unaofundishwa sana ni huu: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu ya kijiko cha chai; vyote vya mfuto. Mzazi huyo hatumii kitabu cha afya na kijiko cha afya. Anatumia lugha ya jikoni na kijiko cha jikoni. Kipeperushi kikimwambia "nusu kijiko cha chumvi", akachukua kijiko cha chakula, ameweka chumvi mara tatu. Akichukua kijiko cha chai lakini cha tele, aweza kukaribia kuweka maradufu. Na maji yenye chumvi nyingi kupita kiasi humdhuru mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji. Yaweza hata kumletea degedege. Hata pakiti iliyopimwa kiwandani haimwokoi na lugha mbovu, maana nayo huagiza kiasi cha maji, na anayeandika "chupa moja ya maji" badala ya ujazo wake ameiharibu dawa iliyopimwa kwa uangalifu.

Hapo ndipo tunapoona kwamba istilahi za jikoni si za kupumzikia. Mtu hujifunza kijiko mara moja, akiwa mdogo, akimsaidia mkubwa kupika. Kijiko alichojifunza kwenye maandazi ndicho atakachokishika usiku ule wa ugonjwa.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaleta mbele ya wafasiri, walimu na maafisa mapendekezo yafuatayo:

(a) "Kijiko cha chai" kiwe mililita 5, na "kijiko cha chakula" mililita 15. Majina mengine yaachwe katika maandishi ya maelekezo, na "kijiko" tupu kisitumike kamwe.

(b) "Kikombe" kiwe mililita 250. Panapokusudiwa uwiano tu, litumike neno "sehemu".

(c) "Mfuto" na "tele" ziwe istilahi rasmi za kujaza, na mfuto uwe ndio kanuni.

(d) "Uzito" na "ujazo" zitengwe katika kila jedwali, na hakuna kijiko wala kikombe kigeuzwe gramu bila ya kutaja kilichomo.

(e) Jina la kitu litangulie, kipimo kifuate, na vipimo visifupishwe kwa herufi za mwanzo.

(f) "Kiasi" kitumike tu pale ambapo mpishi aweza kuonja na kurekebisha.

(g) Orodha zetu wenyewe za istilahi zisitoe jina la kipimo bila ya fasili na kiasi chake.

Mswada uliotuchokoza tumemrudishia mfasiri pamoja na maelezo haya, naye amekubali kuupitia upya akiwa na mizani kando yake. Tunawaomba wasomaji nao watuandikie. Walimu wa sayansi kimu watueleze ni majina gani ya vipimo ambayo wanafunzi wao huja nayo kutoka nyumbani. Walio visiwani na katika miji ya pwani watueleze kama mfuto na tele zingali zikisemwa, na kwa vitu gani. Na walio bara, ambako nafaka hupimwa kwa debe na sado, watuletee majina wanayoyatumia kwa kilima kilicho juu ya chombo na kwa tendo la kukifuta, maana huenda yapo mengine mazuri ambayo bado hayajatufikia.